Mbeya hadi Chunya kwa gari la kukodi: siku mbili na mama yangu kwenye mji wa dhahabu uliotulia

Kwa wenye haraka wanaouliza kama Chunya panafaa kutembelewa, nianze na jibu: nendeni, lakini mlale huko. Lami ya Mbeya hadi Chunya ni kilomita 72, gari dogo linazimaliza kwa saa moja na nusu hivi. Kwa hiyo wengi wanakwenda asubuhi, wanakula chipsi mayai, wanapiga picha mbili, saa tisa wamesharudi Mbeya wanasema Chunya hakuna kitu. Mimi nauza vitenge soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Mteja anayepita mbio mbele ya meza yangu namjua, na najua hajauona mzigo.

Tulikuwa watatu: mimi, mama yangu mwenye miaka 78, na dereva. Mwenye safari alikuwa mama. Baba yake, yaani babu yangu, alitoka Tukuyu kwa miguu miaka ya 1930 "kwenda Lupa". Kwetu wazee hawakusema Chunya, walisema Lupa, jina la mto. Dhahabu ilionekana kule mwaka 1922, Wazungu wakajaa na makarai yao, na vijana wa Kinyakyusa wakapanda milima kwenda kuwachimbia na kuwabebea mchanga. Walichofuata wengi wao ni fedha ya ng'ombe wa mahari. Ng'ombe waliomleta bibi yangu nyumbani walitoka Lupa. Mama amelelewa na hadithi hiyo, ameisimulia kwetu na kwa wajukuu, na hakuwahi kufika. Mwaka huu nikasema basi, Julai biashara imelala kidogo, twende.

Gari lilikuwa Noah, shilingi 130,000 kwa siku pamoja na dereva, mafuta juu yangu. Dereva nampa alama zote. Kijana mtulivu, kila mama akisema "mwanangu, simama hapa" anasimama bila kuguna, anazima injini, anashuka kumfungulia mlango. Kampuni iliyotukodisha siipi kitu. Niliuliza siku moja kabla kama tairi la akiba lipo, nikajibiwa lipo. Kweli lilikuwapo. Upepo ndio haukuwamo. Tuliyajua hayo Lwanjilo, katikati ya safari, tairi la nyuma lilipochanika. Tukakaa saa nzima na nusu kando ya barabara na mama mzima wa miaka 78, mpaka fuso la tumbaku lilipokuja na kutusaidia pampu. Ukikodi gari kwa safari hii usiulize kama tairi lipo. Shuka ulikanyage mwenyewe kabla hujalipa.

Barabara yenyewe naipa tano kwa tano. Ukitoka Mbeya mjini unaanza kupanda hapohapo, mlima Loleza ukiwa ubavuni, kona juu ya kona, masikio yanaziba. Ukifika juu unaingia kwenye misonobari ya shamba la miti la Kawetere, na Julai kule ni baridi ya kuuma meno. Mama alikuwa na makoti mawili na shuka ya kimasai juu yake. Kandokando Wasafwa wanauza viazi mviringo kwa sadolini na kwa ndoo, vimeoshwa vinang'aa, vimepangwa kilele juu kama piramidi. Msinunue mkienda, nunueni mkirudi, la sivyo mtazunguka navyo siku mbili.

Halafu kuna pale panapoitwa Mwisho wa Dunia. Ni ukingo wa mlima, unasimama, mbele yako ardhi inakatika na chini kabisa limelala bonde la Usangu, tambarare mpaka macho yanachoka. Maji ya bonde hilo ndiyo yanayokwenda kuwa Ruaha Mkuu, yakafika Mtera na Kidatu kwenye mabwawa ya umeme. Tulifika saa nne asubuhi ukungu ukiwa umeshafunguka. Jamaa zangu waliowahi kupita saa moja waliona weupe mtupu. Mama alikaa kwenye jiwe, akaomba chai ya chupa, akanywa kikombe kizima bila kusema neno. Kisha akamuuliza dereva, "Watu wa miguu walipita wapi?" Kijana akasema, "Bibi, hilo silijui, lakini mlima ni huuhuu." Jibu zuri kabisa. Sipendi mtu anayemdanganya mzee ili amfurahishe.

Pale pana kasoro moja inayoniumiza. Mahali kama pale, nchi nyingine wangeweka benchi, choo, na kibao chenye maneno manne. Tulikuta chupa za plastiki na maboksi ya chipsi.

Kutoka hapo unateremka, na makoti yanavuliwa moja moja. Hewa inabadilika, vumbi linakuwa jekundu, miombo inaanza, mashamba ya tumbaku, majiko ya kukaushia. Chalangwa wanauza asali kwenye chupa za maji za lita moja na nusu. Nilinunua mbili, shilingi 12,000 kila moja. Nyeusi, nzito, ina harufu ya moshi kidogo. Nimeshamaliza moja na ninaandika haya nikiwa nimeifungua ya pili.

Sasa mji. Nataka niseme vizuri, maana watu wa Chunya wakisikia "mji uliolala" wanakasirika, na wana haki. Dhahabu haijaisha Chunya. Iliyokwisha ni ile ya kuokota mtoni kwa karai, ile ya babu. Wazungu wachimbaji waliondoka mmojammoja, mgodi mkubwa wa Saza ukafungwa miaka ya 1950, na mji uliokuwa makao ya yote hayo ukabaki na nyumba zake. Leo dhahabu inatoka kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, Itumbi, Matundasi, Makongolosi, na kelele zote za makarasha ya kusagia mawe na za rashi, watu wanapokimbilia dhahabu mpya, ziko hukohuko. Mjini kuna soko la madini tangu 2019, serikali ilipoanzisha masoko ili watu waache kuuziana vichochoroni. Mzigo unaingia sokoni, unapimwa, unalipiwa, fedha inaondoka na mwenyewe. Kwa hiyo mtaa wa zamani, mchana wa Jumamosi, unasikia fundi cherehani wa upande wa pili akibadilisha uzi.

Ni mtaa mzuri. Nyumba chache za zamani zimebaki, za baraza pana mbele, nguzo za mbao, mabati yaliyogeuka rangi ya chai, milango ya mbao inayokunjwa vipande vipande kama ya maduka ya Wahindi ya zamani pale Tukuyu. Mlango mmoja una makufuli matatu na buibui. Mwingine ndani wanauza vocha na soda. Tulitembea polepole, mama ananishika mkono, tunasalimia kila baraza. Hakuna baraza lililotuacha tupite bila kuulizwa tumetoka wapi, na mama akisema Tukuyu anaitikiwa "ugonile" na watu ambao hata si Wanyakyusa. Lugha yetu ilifika na kina babu, ikabaki.

Baraza la tatu au la nne ndipo tulipomkuta mzee wa mizani. Anashona viraka na kubadilisha zipu, cherehani ya miguu, kofia ya kufuma. Mama akamwambia, "Baba yangu alichimba Lupa." Yule mzee akasimamisha cherehani kwa kiganja, akamtazama, akasema, "Karibu nyumbani, dada." Akaingia ndani. Alikaa kitambo, tukasikia anasogeza vitu, akatoka na kisanduku cha mbao chenye ukubwa wa kitabu. Ndani kuna mizani ya shaba, imelala kwenye kitambaa chekundu kilichopauka. Visahani viwili vidogo kama vifuniko vya soda, nyuzi tatu tatu, mkono mwembamba kama sindano ya kushonea magunia. Na mawe yake ya shaba kwenye vishimo, kila moja na shimo lake, moja halipo. Baba yake alikuwa msaidizi wa dukani kwa Mhindi aliyenunua dhahabu. Mhindi alipohama alimwachia.

Akaiinua kwa vidole viwili, akangoja itulie. Sisi wote tukaziba pumzi bila kuambiwa, maana ukihema inacheza. Akatoa njiti moja ya kiberiti, akaiweka kwenye sahani ya kulia. Sahani ikashuka. Njiti ya kiberiti! Mimi maisha yangu yote napima kwa rula ya yadi na nafikiri napima sawasawa. Akasema siku hizi kule sokoni ni mizani za umeme, wanasoma gramu na pointi kwenye kioo, na gramu moja ni pointi kumi, haina ubishi. Zamani, anasema, mchimbaji alikuwa anatazama mkono wa mizani na mkono wa mwenye duka kwa wakati mmoja.

Mama akaomba aishike. Akampa. Mikono ya mama inatetemeka siku hizi, mizani ikalia kama kengele ndogo mbali. Hakuna aliyecheka wala kusema kitu. Mzee akamshikia kiwiko mpaka ikatulia.

Niliuliza kama anaiuza, nikajuta palepale. Akasema kwa upole, "Hii hapana, mama. Hii ndiyo inayonionyesha kuwa baba yangu alikuwepo." Hatoi tiketi, hana kibao, hajaomba hela. Nilimwachia shati la mwanangu abadilishe kola, shilingi 2,000, na kola imekaa vizuri kuliko ya fundi wangu wa Mbeya.

Halmashauri ya Chunya, kama kuna anayesoma: mji huu una karne nzima ya dhahabu na mimi sikuona chumba kimoja kilichoandikwa "hapa ndipo". Wekeni chumba kimoja. Karai, moko, nyundo, picha za zamani, mizani kama ile, na majina ya waliochimba, siyo ya Wazungu peke yao. Mimi ningelipa 5,000 na mama yangu ningemlipia 10,000.

Kulala. Tulilala gesti moja ndogo nyuma ya mtaa wa zamani, chumba 25,000, vitanda viwili, chandarua kizima bila tundu (nilikikagua kama ninavyokagua kitambaa, mkono ndani, taa nje). Mashuka safi, yamepigwa pasi. Maji ya bomba yalitoka jioni tu, kwa nusu saa, lakini dada wa pale alikuwa ameshajaza ndoo, na saa kumi na moja alfajiri akagonga mlango na maji ya moto ya mama bila kuombwa. Choo ni cha ndani, cha kuchuchumaa. Kwa mzee mwenye magoti mabovu hilo ni tatizo, na nililiambia uongozi. Wakaniletea kiti cha plastiki kilichokatwa katikati, wametengeneza wenyewe. Kimefanya kazi. Usumbufu pekee ulikuwa baa ya jirani iliyopiga muziki mpaka saa saba usiku. Nyota nne kwa gesti, na ya nne ni ya yule dada.

Chakula cha usiku kwa mama lishe karibu na stendi: ugali, perege wa Rukwa wa kukaanga kisha akamwagiwa nyanya na kitunguu, mlenda pembeni, 4,000. Samaki alikuwa mkavu kidogo upande wa mkia. Mlenda ulikuwa bora kuliko wangu na sisemi hivyo ovyo. Asubuhi chai ya maziwa na vitumbua, vimeiva mpaka katikati.

Jumapili tukaendelea Makongolosi, kilomita 39, nayo ni lami. Hapa safari inabadilika sura. Njiani unaona vilima vya mchanga wa kijivu pembeni. Hayo ni marudio, mchanga uliokwisha oshwa, ambao bado una dhahabu kidogo na unauzwa tena kwa wenye mitambo ya kemikali. Unaona maturubai, pikipiki zimebeba viroba vya mawe, vijana weupe kwa vumbi kutoka nywele hadi viatu. Rafiki wa dereva alitupeleka kwenye mwalo mmoja, mahali pa kuoshea dhahabu, tukaomba ruhusa, tukapewa viti.

Nieleze nilichokiona, maana kina mama wanaofanya kazi ile hawaandikwi. Jiwe limesagwa na karasha mpaka limekuwa unga. Unga unamwagwa na maji juu ya ubao ulioinamishwa, umetandikwa mazulia mazito. Vumbi jepesi linaondoka na maji, kizito kinanasa kwenye manyoya ya zulia. Zulia linakung'utwa ndani ya beseni, halafu kinachobaki kinaoshwa kwenye karai, kwa mzunguko wa mkono ambao ukiutazama unadhani ni mchezo. Dada aliyekuwa anaosha, kama miaka thelathini hivi, mtoto mgongoni, alizungusha labda dakika ishirini. Mwisho chini ya karai pakabaki mstari mweusi. Akachukua kichupa, akatia tone la zebaki, akaanza kusugua kwa vidole. Vidole vitupu. Zebaki ikazikusanya chembe zote ikawa donge la rangi ya fedha. Akalifunga kwenye kitambaa, akalikamua kama tunavyokamua tui. Kile kitambaa nilikitambua, kipande cha shuka la pamba, kimefumwa kwa karibu sana, zebaki inapita tone tone na dhahabu inabaki ndani. Alikuwa amechagua kitambaa sahihi kuliko wateja wangu wengi.

Kisha likachomwa kwenye moto wa mkaa, juu ya kipande cha bati, sote tumekaa kandokando na mtoto mgongoni. Donge likageuka kutoka fedha kuwa njano iliyokolea. Moshi ule ni sumu. Hata mimi nisiyesoma sana najua, unaharibu mishipa ya fahamu, na mtoto mchanga ndiye anayeumia zaidi. Nchi yetu iliridhia mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020, na STAMICO, shirika la madini la taifa, wana kituo cha mfano cha uchenjuaji, yaani kutenganisha dhahabu na mawe, pale Itumbi, ndani ya wilaya hiyohiyo. Nilimuuliza dada kwa nini haendi huko. Akasema, "Mama, huko unakwenda na mzigo wa gari. Mimi mzigo wangu ni kiroba." Sikuwa na la kumjibu. Nilimvua mtoto mgongoni, nikaondoka naye hadi kwenye kivuli mpaka moshi ulipoisha, na ninawaomba mkitembelea mwalo msisogee wakati wa kuchoma, na msichukue watoto.

Alipata pointi tatu. Punje ambayo ukiidondosha kwenye kitenge chenye maua huipati tena.

Mama alitaka kuuona mto wenyewe. Julai Lupa si mto wa kutisha. Tulipofika palikuwa na mchanga mpana na mkondo mwembamba katikati, maji yakielekea zake Ziwa Rukwa. Alivua viatu. Akasimama ndani, maji hayajafika vifundoni, akaangalia chini kwa muda mrefu kama mtu anayetafuta sindano. Akaniambia, "Alisema yalikuwa yanafika kiunoni." Masika labda, nikamwambia. "Labda," akasema, akaendelea kutazama. Tulikaa pale kuliko tulivyopanga, na dereva hakuangalia saa hata mara moja. Ndiyo maana nikamwongeza 20,000 tulipofika Mbeya.

Kwa atakayekwenda. Hesabu yangu yote, watu watatu siku mbili, gari, mafuta, gesti vyumba viwili, chakula na asali, ilifika 452,000. Ukienda na Coaster utatumia kidogo sana, lakini husimami Mwisho wa Dunia. Juni hadi Septemba barabara za vumbi za pembeni zinapitika bila shida. Kwenye mvua sikushauri kutoka nje ya lami na gari la chini. Beba koti la mlimani na nguo nyepesi za bondeni, zote mbili. Kituo cha mafuta kipo, wakala wa fedha wapo kila kona, mtandao mjini ulikuwa mzuri na njiani ulikatika. Ukipiga picha za wachimbaji omba kwanza. Tuliomba, wawili wakakataa, watano wakakubali na mmoja akataka atumiwe, nimeshamtumia.

Na ukilala gesti za nyuma ya mtaa wa zamani, omba chumba cha upande wa mwembe. Muziki wa baa haufiki huko, na asubuhi jogoo wa jirani anaanza saa kumi na nusu, kwa hiyo hutahitaji kuweka kengele.